Riziki na Siku za Bamvua

Jumanne, 13 Septemba
Bamvua. Siku hizi za mwezi bahari hutoka mbali, ndipo tunapokwenda mwani. Maji yametoka mapema, wenzangu wameshafika kwenye mashamba, mimi bado natafuta viatu vya kuingilia baharini. Kimoja nimekikuta uvunguni. Cha pili sikukiona mpaka jioni, chooni. Nimekwenda na ndala, nimechomwa na miiba vidole viwili.

Sista wa zahanati alisema niandike siku anazochachamaa Riziki na siku anazotulia. Basi naandika, tangu mwezi wa saba. Ana miaka minane, mtoto wa mume wangu. Nimemkuta humu ndani nilipoolewa. Haniiti mama, haniiti jina. Akinitaka hunivuta gauni.

Leo amechachamaa.

Jumamosi, 17 Septemba
Maji mafu, bahari haitoki mbali, mwani hatwendi. Ametulia. Amefagia uani bila kuambiwa. Nimemsuka, akasinzia mapajani kwangu. Kama angekuwa hivi kila siku ningempenda bila taabu.

Jumatano, 28 Septemba
Bamvua tena. Kamba tano mpya, nilizozifunga tai-tai, vile vikamba vya kushikia mwani, jana kutwa. Amezikata zote kwa kisu changu. Nilimpiga. Akaning'ata mkono, alama za meno unaweza kuzihesabu. Nimeshinda ndani ya maji ya chumvi na kidonda kile.

Bi Mgeni, shamba lake la mwani liko jirani na langu, aliutazama mkono akasema, "Ana kitu huyo, mwanangu. Kinapanda na mwezi." Kisiwa kizima cha Chole wanasema hivyo. Mwalimu wa chuoni amemsomea Kurani mara mbili. Hicho kitu hakikujitaja.

Nimechoka. Leo simpendi.

Ijumaa, 7 Oktoba
Athumani, mume wangu, amekuja kutoka Utende. Ni mlinzi hotelini huko tangu hifadhi ya bahari ilipokataza nyavu za juya alizokuwa akivulia, kwake anarudi Ijumaa, na ile iliyopita hakupata ruhusa. Nimemwonyesha mkono. Akasema dada yake aliyeko Kanga yuko tayari kumchukua mtoto. Sikubisha. Nilisema hata kesho. Baadaye nikaona haya. Si sana.

Ijumaa, 14 Oktoba
Tumempeleka. Mashua hadi Utende, gari hadi Kilindoni, gari jingine hadi Kanga. Tulimwambia tunakwenda kutembea. Njia nzima ameshika gauni langu. Wifi alitupikia wali wa nazi. Tulipotaka kuondoka akaninong'oneza nisimuage, atatujazia watu. Ndivyo wafanyavyo watu wote. Nikamwambia, "Nafika dukani mara moja, nakuja."

Akaachia gauni. Nilitegemea kilio, hakulia. Alinitazama tu mpaka nikageuka mimi.

Jumapili, 16 Oktoba
Nyumba kimya. Viatu viko mahali pake. Nimelala mchana. Naona raha, na sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumatano, 19 Oktoba
Maji mafu, hakuna kazi. Nilifungua daftari nilipange nimpelekee sista. Nikasoma tangu mwanzo. Tai-tai kuchomwa moto: bamvua. Kisu kufukiwa mchangani: bamvua. Viatu, bamvua. Kamba, bamvua. Siku za maji mafu hakuna hata kosa moja. Nikaogopa, nikajua kweli ni kitu cha mwezi.

Nikasoma tena. Tai-tai, kisu, viatu, kamba. Vyote ni vya kwendea mwani. Sufuria hajagusa. Vikombe hajavunja hata kimoja.

Nikaenda kwa Bi Mgeni kumuuliza mama yake Riziki aliondokaje. Mimi naambiwa aliachika, basi. Bi Mgeni akatazama pembeni.

"Kwani hukuambiwa? Alimwambia mtoto naenda mwani, nakuja. Na viatu akavaa. Kumbe chombo kinamngoja, akavuka bara. Yule mtoto alikaa pwani mpaka maji yakamfika magotini. Tulimbeba sisi."

Nakuja. Neno lile lile, nimemwambia mimi kwa mdomo wangu. Tena siku ya bamvua.

Ijumaa, 21 Oktoba
Athumani hataki Riziki arudi. Ati dada yake amepiga simu, mtoto ametulia, hasumbui. "Unataka kung'atwa tena?" Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema ile ni aibu ya nyumba. Aibu ya watu wazima, mbebaji mtoto wa miaka minane. Tumegombana mpaka majirani wamesikia. Na wasikie.

Jumanne, 25 Oktoba
Niko Kanga. Nimekuja peke yangu, ruhusa sikuomba. Riziki amenipa shikamoo kama mgeni, amenipokea mfuko, ameniletea maji ya kunywa. Akiitwa anakuja. Akiambiwa kaa, anakaa. Wifi akasema, "Unaona? Amepona."

Usoni hanitazami. Nikamwambia, "Nilisema nakuja, sikuja. Nilikudanganya." Akasema, "Ndiyo," akaenda kuosha vyombo.

Afadhali angening'ata.

Alhamisi, 27 Oktoba
Bamvua. Wenzangu wako kwenye mwani. Wangu umekomaa, usipovunwa siku hizi utakatika uende na maji. Uende. Nimekaa uani kwa wifi namenya mihogo. Viatu vyangu vya baharini nilikuja navyo. Asubuhi nimempa Riziki anitunzie, akavichukua akaingia navyo ndani.

Akatoka, akanitazama kama bado nipo, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Mara ya tatu akaokota kifuu akanitupia. Kimenipata begani.

Wifi akainuka na fimbo. Nikamwambia, "Kaa, wifi. Hili ni langu."

Nimemaliza mihogo. Bega linauma. Kifuu nimekirudisha pale mlangoni, kama atakitaka tena.