Vitambaa vya Somoe

Jumapili, Chuno. Mfungo wa ishirini na saba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika baada ya adhuhuri, na nyumba nzima inanuka unyevu. Mimi mwenyewe siko vizuri sana, ingawa afadhali kuliko nilivyokuwa saa tisa.

Leo nimemliza mtoto wa mwenzangu.

Acha niandike tangu mwanzo, maana kichwani mambo yamevurugika. Niliolewa na Hamisi miezi minane iliyopita, nikatoka kwetu Newala kuja hapa. Mke wake wa kwanza, Somoe, alifariki miaka mitatu nyuma, akaacha binti mmoja, Zuhura, ambaye yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Mimi na huyu binti tumeishi pamoja wiki chache tu za likizo. Ananiita mama mdogo. Anaamka kabla yangu, anaosha vyombo bila kuambiwa, akiongea hainui sauti. Anakaa kama mgeni, na nyumba ni ya kwao.

Hii ndiyo Idi yangu ya kwanza hapa, nilitaka sebule ipendeze. Nikanunua mapazia mapya, taa ndogo za kumetameta, na zile herufi za karatasi za dhahabu zinazosomeka Idi Mubaraka. Kwenye makochi kulikuwa na vitambaa vyeupe alivyodarizi Somoe, maua mekundu na majani ya kijani. Nimeambiwa alikuwa akivitandika kila sikukuu ikikaribia, na tangu afariki hakuna aliyethubutu kuvikunja. Nikamuuliza Hamisi nivifanyeje. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Vitoe. Weka vyako, nyumba ni yako sasa."

Hakuniangalia. Nami sikujiuliza kwa nini haniangalii. Nilifurahi.

Naandika hilo neno kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama mtu aliyepewa funguo. Nikavitia kwenye mfuko, nikausukuma chini ya kitanda. Kimoja kilibaki nje, na badala ya kuufungua mfuko tena, nikakipeleka jikoni. Nikawa nashikia sufuria.

Zuhura alifika Ijumaa. Alisimama mlangoni na begi lake, akatazama mapazia, akatazama taa, akatazama makochi. Akasema, "Pamependeza, mama mdogo." Nikamwamini.

Leo mchana nilikuwa napika mihogo ya nazi ya futari. Zuhura akaja kunisaidia kuipua. Aliishika sufuria, akaitua chini, kisha akabaki anaangalia alichoshikia.

"Mama mdogo, hiki umekitoa wapi?"

"Kilikuwa kwenye kochi," nikasema. "Kimechakaa kidogo."

Hakikuwa kimechakaa. Mimi ndiye niliyekiunguza kwenye mkaa, wiki hiyohiyo.

"Ua hili nilishona mimi." Akanionyesha kwenye kona. "Nilikuwa darasa la tatu. Lilipinda, nikataka kulifumua. Mama akanikataza, akasema likae hivyohivyo."

Nusu ya lile ua haikuwepo. Ilikuwa tundu jeusi.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, mbele ya vifuu vya nazi, akalia akiwa amekibana kile kitambaa kwa mikono miwili. Ningependa angenitukana.

"Vingine umevitupa?" akauliza.

"Sijavitupa. Viko chini ya kitanda changu."

Hapo nilikuwa na maneno mdomoni, tena ya kweli: baba yako ndiye aliyesema nivitoe. Yangeniokoa. Lakini nilimwangalia pale chini nikaona, nikimwambia hivyo, atabaki na nani humu ndani? Nikachuchumaa.

"Nisamehe, Zuhura. Nimeviondoa bila kukuuliza. Na hiki nimekiunguza mimi."

"Ungeniuliza tu," akasema.

Sikujua kwamba Hamisi amerudi kutoka msikitini. Alikuwa amesimama mlango wa uani, kofia mkononi.

"Usimlaumu mama yako mdogo," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia avitoe."

Zuhura akainua uso. "Kwa nini, baba?"

Hamisi ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo ni ya nyaya. Aliikunja kofia mkononi, kisha akasema.

"Kila nikiingia sebuleni nikaviona, nadhani Somoe yuko chumbani, atatoka sasa hivi. Nakaa namsubiri. Miaka mitatu, mwanangu. Nimechoka."

Tangu anioe sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo. Alisema "marehemu" tu.

"Na mimi namsubiri," Zuhura akasema. "Lakini mimi nikiviona ndiyo napata nafuu."

Nikaona aibu kuwasikiliza. Nikainuka kwenda kuchukua mfuko.

Tulivipanga sote watatu. Zuhura ndiye aliyekuwa akielekeza, kila kimoja anajua mahali pake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Hicho si hapo, baba! Cha maua matatu kinakaa dirishani!" Hamisi akageuza bila kubisha. Taa zangu na herufi zangu Zuhura hakuzigusa.

Kilipobaki kimoja, kikubwa, cha kochi la mtu mmoja alilopenda kukalia Somoe, Hamisi akakishika asikiweke. Akasema, "Hiki naomba kisikae hapa. Siwezi." Zuhura akafikiri. Kisha akakichukua, akaenda kukitandika kitandani kwake. Kile kilichoungua amekitia kwenye begi lake la shule, hakutaka nikifue.

Aliporudi akaliangalia kochi tupu.

"Hapo utaweka cha kwako, mama mdogo."

Alisema hivyo akiwa anaelekea jikoni kupakua futari, kama anayesema chumvi imekwisha. Mimi nikabaki nimesimama.

Sasa Hamisi ameenda tarawehe, Zuhura anasoma chumbani, nami nimekaa sebuleni na simu yangu. Nilikuja nyumba hii na vitu vya dukani tu. Mama yangu hakunipa hata kikombe, wala mimi sikuomba. Sijui kudarizi. Sindano yangu ni ya kushonea vifungo.

Kesho nitamwomba Zuhura anifundishe, ua moja tu, hata likipinda. Akikataa ana haki yake, na kochi litabaki wazi Idi nzima.

Sijui nianzeje kumwomba. Nimwite mwanangu? Au bado?