Nafasi ya Mpiga Matoazi

Baba,

Arobaini yako ilisomwa Alhamisi. Pilau ilitosha, shehe aliwahi, na shangazi Hawa aligombana na watu wa hema, kama ulivyotabiri miaka yote kwamba angegombana na mtu kwenye msiba wako. Kwa hiyo mambo yalikwenda sawa. Koti lako jekundu nimelifua kwa mkono. Vile vizibo vya soda ulivyovishona kifuani kama nishani vimeanza kushika kutu, nikavisugua kimoja kimoja kwa majivu.

Waombolezaji wengi walidhani ulikuwa mwanamuziki wa jeshi. Sikuwasahihisha wote. Wachache niliwaambia ukweli: kule kambini Makindye ulikuwa mtunza stoo ya bendi. Ulibeba ala, ulizing'arisha, ulizifungia kwa kufuli, na hukuwahi kupuliza tarumbeta hata mara moja. Ulipostaafu ukaunda bendi yako mwenyewe, isiyoonekana wala kusikika. Kila Jumamosi ulisimama sokoni mbele ya nafasi tupu, ukainua antena ya redio, ukaanza kuongoza. Watu walicheka. Halafu walinyamaza, maana ulikuwa unaukata wimbo ghafla na kumkazia macho mtu asiyekuwepo: "Wewe Opio! Unaingia mbio mbio, nani aliita wewe?" Wauza nyanya wote walimjua Opio. Wapagazi waliizunguka nafasi ile na magunia yao mgongoni wasije wakamkanyaga mtu wa ngoma.

Mimi niliijua bendi hiyo kabla yao. Nilikuwa na miaka sita, uani kwetu, nimeshika mifuniko miwili ya sufuria. Ulinifundisha kwamba mpiga matoazi ana kazi moja katika wimbo mzima, nayo ni kungoja hadi aangaliwe. "Ngoja," ulisema. "Ngoja kwanza." Nilipiga mapema kila mara. Hukukasirika, uliuanza wimbo upya.

Sasa ile Ijumaa ya Ntinda. Hatukuwahi kuizungumza, kwa hiyo naiandika.

Nilikuwa na wiki tatu tu katika ofisi ya bima kule Ntinda mjini. Tulitoka wanne kwenda kula, na wewe ulikuwa pale nje ya supamaketi, koti jekundu na jua lote lile. Magari yamekwama, madereva wanapiga honi, nawe unaziongoza honi zao. Uliponiona uliacha. Patricia, tunayekaa naye meza jirani, akaniuliza kama nakujua. Nikasema, "Simjui. Mwendawazimu tu."

Ulisikia. Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ukashusha antena, ukainamisha kichwa, ukasema, "Samahani, nyabo. Sisi napita tu." Nyabo, Baba, kama mwanamke yeyote wa mjini usiyemjua. Kisha ukaigeuza bendi yako nzima na kuondoka nayo, ukanisaidia kukukana.

Jioni ulikula vizuri. Ulisifu mchicha. Uliuliza swali moja tu: "Hapo kazini kwenu, kula munatoka saa ngapi?" Nami nikakujibu. Nilikwambia saa saba. Miaka minne hukuonekana tena Ntinda saa saba. Nilijua kwa nini uliuliza, na moyoni nilishukuru. Neno lile la barabarani linaniuma, lakini kule kushukuru kunaniuma zaidi.

Siku ya pili ya msiba Patricia alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani, chini ya ile picha yako ya koti jekundu. Akaitazama, akanitazama. "Huyu si ule mzee wa Ntinda?" Nikamwambia ndiye, ni baba yangu, na kwamba siku ile nilimdanganya. Akanishika mkono, kisha akaomba chai nyingine. Basi, ni hilo tu. Miaka minne nilikuwa naliogopa hilo.

Juzi Jumamosi nilikwenda sokoni kumrudishia Mama Akello, yule wa dagaa, sufuria zake mbili tulizoazima kwa ajili ya arobaini. Nafasi yako bado ni tupu, na soko lilivyobanana! Nikamuuliza mbona hakuna aliyepanga vitu pale.

"Bendi si iko," akasema, kama mtu niliyeuliza jambo la kijinga. Akanionyesha kwa kidole. "Hapa Opio. Hapa ngoma. Na hapa ilikuwa bure, hakuna mtu. Mzee alikuwa nasema hii ni ya mtoto yake, ile anapiga matoazi. Yeye iko kazi Ntinda, ikiisha atakuja. Siku moja alibeba bendi yote kwenda huko, ati waone mwenzao."

Nililia palepale mbele ya dagaa za watu. Kisha nikaitoa mifuniko kwenye zile sufuria, nikaenda kusimama kando ya ngoma. Sikujua wimbo umefika wapi, na hapakuwa na wa kuniangalia. Nikangoja. Nilingoja sana, ndipo nikapiga, mara moja tu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mkungu wa matoke akauliza huyu naye ni nani. Nilimjibu mwenyewe kabla Mama Akello hajafungua mdomo: mimi ni mtoto wa Mzee wa bendi.

Huenda nilipiga mapema. Nisamehe kwa hilo, na kwa lile la Ntinda.

Pumzika, Baba. Antena yako iko ofisini, juu ya meza yangu, na kila anayeuliza namwambia ni ya nani. Nakuahidi nitaendelea kuwaambia. Na ikitokea mkapita Ntinda wewe na watu wako, msizunguke. Bado tunatoka saa saba. Njoo saa saba.

Mwanao,
Zaina