Kabati la Mwinjilisti na Bibi Aliyeachwa Porini

Ijumaa, Agosti. Cheyo, Tabora.

Upepo umeamka na hasira leo. Nimefagia baraza mara mbili na vumbi limerudi mara mbili. Mimi pia nimeamka na hasira, na sitausingizia upepo.

Jana Elia alinipigia simu. Elia ni mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya usharika wetu wa zamani, kule upande wa Sikonge. Marehemu baba yake, Mwinjilisti Yakobo, ndiye aliyetuongoza mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, na Jumapili hii ukumbi mpya wa kanisa unapewa jina lake. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kati ya waliofanya naye kazi nimebaki peke yangu. Basi nimeombwa nisome ushuhuda wa dakika kumi. Kichwa wamenichagulia wenyewe: Sifa za Mtumishi Mwaminifu wa Mungu. Wameniwekea na vipengele, nisije nikapotea njia. Utii, unyenyekevu, bidii, upendo kwa wanyonge.

Upendo kwa wanyonge!

Nilicheka mpaka nikakohoa, binti yangu akaja na maji akidhani nimepaliwa.

Nimwandike Yakobo jinsi alivyokuwa, maana hapa kwenye blogu yangu hakuna kamati. Alikuwa na sauti nzuri na machozi ya karibu. Viatu vyake viling'aa hata masika, wakati sisi sote tulikuwa tope hadi magotini. Mbele ya wakubwa alikuwa mfupi, mbele ya wadogo alirefuka. Akija afisa kutoka wilayani, Yakobo alibeba mkoba wa afisa. Akija mjane kuomba maombi, aliambiwa angoje nje, mtumishi anakula.

Kijiji chetu cha awali kilikuwa kando ya njia ya zamani ya wapagazi, nyumba moja huku, nyingine kule, katikati ya miyombo. Amri ilipokuja kwamba tuhamie pamoja karibu na barabara, kama kilomita thelathini hivi, Yakobo ndiye aliyekabidhiwa orodha ya kaya zetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza la saba, nina mwandiko mzuri. Nikawa mwandishi wake. Sitautukana ujamaa. Shule niliyofundisha baadaye ilijengwa kwa sababu yake, na kisima pia. Ninayemdharau ni mtu, na mtu huyo nilimjua vizuri.

Lori lilikuja Alhamisi asubuhi. Lilikuwa moja, na tuliambiwa litakwenda mara mbili.

Kitu cha kwanza kupanda hakikuwa mtoto wala mgonjwa. Lilikuwa kabati la Yakobo, la mninga, lenye milango ya vioo. Lililazwa juu ya mablanketi yake, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa karibu, vioo visije vikapasuka. Kabati lile lilichukua nafasi ya watu sita. Nilihesabu kwa macho nikaendelea kuandika majina.

Bibi Kalunde alikuwa mjane, kipofu, watoto wake wote walishatangulia mbele ya haki. Alikuwa amekaa mlangoni kwake na mzigo wake umefungwa kwenye kanga. Nyumba ilikuwa tayari imeezuliwa, kama nyumba zote siku ile, ili mtu asitamani kurudi. Yakobo akamshika bega, akamwambia kwa ile sauti yake ya mimbarini.

"Wewe subiri hapa, mayo, mama yangu. Lori linarudi saa nane."

Lori halikurudi. Tulipofika kijiji kipya dereva alikuta amri nyingine, akaondoka kwenda kuhamisha watu wa kwingine. Hilo halikuwa kosa la Yakobo, nami simwongezei. Yake yanamtosha.

Jioni ile afisa alitaka taarifa. Nilikaa juu ya gogo na orodha mapajani, nikafika kwenye jina la Kalunde, kalamu ikasimama. Yakobo akainama akaninong'oneza.

"Andika wamefika wote, binti. Kesho tutamleta. Mtumishi mwaminifu haiaibishi kazi aliyokabidhiwa."

Nikaandika.

Niliandika kwa mwandiko wangu ule mzuri uliosifiwa na kila mtu, wamefika wote, nikapiga na mstari chini yake kwa rula. Afisa akatikisa kichwa kwa furaha. Yakobo akasifiwa mbele ya watu kwamba kaya zake ndizo za kwanza kukamilika.

Kesho yake tulikwenda kukata fito za kujengea. Keshokutwa kulikuwa na mkutano wa kugawa viwanja, na Yakobo alipaswa kuwa wa kwanza kuchagua. Jumapili tukasali chini ya turubai. Yakobo akahubiri juu ya kuwajali wajane. Alilia, jamani! Alitoa kitambaa akajifuta, na akina mama nao wakalia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na kitabu cha nyimbo mkononi, naongoza sauti ya kwanza. Niliimba beti zote.

Tulipotoka tulimkuta Maganga amesimama kando na baiskeli yake. Maganga alikuwa mrina asali. Siku zote hizo alikuwa porini akikusanya mizinga yake ya magome, ndiyo kwanza afike kijijini. Ibadani hakuingia, na asingeruhusiwa. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu Yakobo amtenge na meza ya Bwana kwa sababu asali yake waliinunua akina mama wanaopika wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Wanzuki wenyewe, nitasema leo, Yakobo alikunywa. Alikuwa akiuita dawa ya kifua.

"Mwangaluka, dada," Maganga akaniamkia. "Bibi Kalunde mmempa nyumba ipi? Nimemletea kipande cha sega."

Nilimtazama Yakobo, na Yakobo akavitazama viatu vyake. Maganga alitusoma sote wawili kwa zamu. Sega akalitundika kwenye usukani, akapanda baiskeli, akarudi njia tuliyojia.

Alirejea Jumatatu alasiri, anaikokota baiskeli kwa miguu. Bibi Kalunde alikuwa juu ya keria ya nyuma, amefungwa kiunoni kwa kamba za magome zile anazofungia mizinga, midomo imepasuka, mzigo wake uko mapajani. Alikaa siku nne katika nyumba isiyo na paa, anakula karanga mbichi alizozipapasa sakafuni na kunywa maji ya mtungini mpaka yakaisha. Mzigo hakuufungua hata mara moja, asije akachelewesha watu lori likifika. Maganga alisema kwamba alipoingia, bibi alimnyooshea mikono akamwambia, "Niko tayari, dereva."

Nimeandika maneno hayo mara ya kwanza leo. Ilibidi niondoke mezani kidogo.

Akina mama walimzunguka Maganga, mmoja akamuuliza imekuwaje ajitese hivyo bila hata kuwaambia viongozi. Alikuwa amechoka na hakutaka maneno mengi.

"Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mpaka pwani. Mzigo ukiuacha porini unarudi unauchukua. Sasa hapo kuna la kuhubiri?"

Lilikuwepo, kumbe. Yakobo alitokea pale pale, akainua mikono, akaomba sala ndefu ya kumshukuru Bwana aliyemrudisha mama yetu. Jina la Maganga halikutajwa. Hata maji ya kunywa hakupewa mpaka Bibi Kalunde mwenyewe alipouliza, "Yule aliyenileta amekunywa?"

Pasaka iliyofuata Maganga alikwenda kwa Yakobo kuomba arudishwe mezani. Nilikuwepo, nikiandika majina ya watakaoshiriki. Yakobo alimwambia mtumishi mwaminifu hachanganyi asali ya shetani na mkate wa Bwana. Maganga alisimama kidogo kofia mkononi, akaaga kwa adabu, akatoka. Bibi Kalunde alikufa kabla ya mavuno, na aliyechimba kaburi ni Maganga. Naye alipokufa, miaka mingi baadaye, alizikwa bila wimbo wala mtu wa kanisa, kama mtu aliyeokotwa.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa mwalimu kwingine, mwenye heshima zangu.

Na hapa ndipo ninapotaka kuacha kuandika, kwa hiyo nitaendelea. Chuo cha ualimu nilikipata kwa barua ya Yakobo. Aliiandika wiki chache baada ya sala yake ile ndefu. Niliibeba mwenyewe na niliisoma njiani. Ilisema mimi ni binti mwaminifu, mtiifu, anayejua kutunza siri. Nilijua analipa nini, nikapokea. Nimekula mshahara wa barua ile maisha yangu yote ya kazi, nimesomesha watoto, nimejenga nyumba hii ya Cheyo. Kwa nusu karne nimemdharau Yakobo kimoyomoyo, kwa raha kabisa, kana kwamba orodha ile ilijiandika yenyewe.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yetu sisi wawili imefika mbali sana.

Leo saa nne nilikaa nikaandika ushuhuda. Vile vipengele vya kamati nimeviweka kando. Ukurasa mmoja tu. Unaanza hivi: Mimi, niliyeandika kwamba wamefika wote, niliandika uongo. Kisha nimeeleza kabati, siku nne, baiskeli, Pasaka. Mwisho nimeandika kwamba kama mnatafuta mtumishi mwaminifu wa kupewa ukumbi, tulikuwa naye, tukamtenga kwa asali. Binti yangu amenisaidia kuupiga picha na kuutuma kwa Elia.

Hazikupita dakika ishirini simu ikaita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Elia."

Simchukii Elia. Hakuwa amezaliwa. Amekulia kwenye picha ya baba yake ukutani, na kabati lile, vioo vyake vizima, bado liko sebuleni kwake.

"Mama, hii hatuwezi kuisoma kanisani. Mchungaji yupo, wageni wapo."

"Msiisome. Nitaisema mwenyewe. Ninyi nipeni kiti tu."

"Lakini na jina lako litachafuka, mama. Watu wote wale umewafundisha wewe."

Sauti ilikuwa ya baba yake kabisa, ile laini, ile ya kumshika mtu bega. Zamani ningeinamisha kichwa na kuandika ninachoambiwa.

"Ndiyo maana nimeanza na langu," nikamwambia.

Akakata simu. Gauni nimeshalipiga pasi. Basi la Sikonge linaondoka kesho saa mbili, na Jumapili, nikipewa kiti au nisipopewa, nitasimama.