Mayai Mawili ya Agness

Mikumi

Kwako Seni, uliyekuwa mume wangu,

Mpe mama yako shikamoo yangu, kisha umsomee barua hii kwa sauti.

Huku mvua zimekuwa njema na kuku wangu wanataga vizuri. Nimepata ombi lako la mayai kwa ajili ya kibanda chako cha chipsi hapo Kilosa. Nitakuuzia, kwa sharti moja: kila asubuhi mkeo Agness, ambaye nasikia ni mjamzito, ale mayai mawili, wewe na mama yako mkimtazama.

Nilipokuwa na mimba yako nilijichemshia yai moja. Mama yako alilichukua mkononi mwangu akasema, “Mkwe, unataka kutuzalia kipara?” Ukacheka, ukalimenya, ukalila. Mwanetu alizaliwa mdogo mno, hakuimaliza hata wiki. Tulimzika kule Mvumi, kichwa chake kimejaa nywele.

Agness nimekwisha kuzungumza naye, na namba yangu anayo. Siku atakayonyimwa, mayai yako nitamuuzia yule anayekaanga chipsi mkabala nawe, tena kwa bei ya chini.

Ni mimi, mama wa marehemu mwanao,
Kishiwa