Kinanda Kisichokwama

Chwaka, 3 Rajabu 1326

Mdogo wangu Muhiddin,

Salamu zikufikie huko mjini, Malindi. Kifua je? Sisi wazima, ila Mama. Macho yamefunga kabisa, haoni, na chakula chake ni uji tu. Jana kaniuliza, "Kile kinanda cha ufunguo cha baba yenu bado anacho Muhiddin?" Nikamwambia anacho, kimeharibika. Anataka kukisikia kabla hajaondoka. Tangu ulipouza jambia la marehemu baba, hajakutaja kwa wema mpaka jana. Mletee, akupe radhi.

Dadako, Shemsa

Mjini, 9 Rajabu

Dada Shemsa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua. Nijulishe hali ya Mama kila apatikanapo wa kuleta barua.

Nimekifungua kinanda juu ya meza ya kulia. Silinda imeota kutu ya kijani, na ncha zake nyingi zimelala. Nazinyanyua kwa sindano. Chanuo la chuma linalotoa sauti limevunjika meno, nachonga mengine. Hata pale kilipokuwa kikikwama nimepaona: gurudumu lina jino lililolika. Unakumbuka baba alivyokuwa akikipiga kwa hasira? Nitalitengeneza nalo. Sanduku limechakaa kwa mikwaruzo, nalipiga msasa. Mara hii simletei Mama kitu kibovu.

Mdogo wako, Muhiddin

Chwaka, 14 Rajabu

Mdogo wangu,

U hali gani? Mama sasa hata uji hataki. Anasema ukilete hivyo hivyo, hata kama kinakohoa. Na jana kacheka, wallahi! Kakumbuka kilivyokuwa kikikwama, baba anakipiga kofi, "Haya bibi, usituringie!" na Mama anamjibu, "Mwache, kakumbuka kwao." Haikuwa hasira, Muhiddin. Ulikuwa mchezo wao. Usipaguse pale.

Dadako, Shemsa

Mjini, 17 Rajabu

Dada,

Shikamoo. Natumai Mama kaamka salama. Tangu ile barua ya kwanza sijapata nyingine. Homa imenirudi, kwa hiyo nampa Msabah mleta barua kinanda akilete na punda wake. Kinaimba mwanzo mpaka mwisho, hakikwami tena. Mwambie Mama nimekitengeneza kwa mikono yangu.

Mdogo wako, Muhiddin

Chwaka, 20 Rajabu

Muhiddin,

Pole na homa. Mama tumemzika jana alasiri.

Kinanda kilimkuta hai. Nilikiweka mapajani pake. Kapapasa kifuniko, akitafuta mkwaruzo wa bangili yake. Haukuwapo. Nikazungusha ufunguo. Pale pa kukwama kainua mkono, akangoja. Kikapita. Kikaimba mpaka mwisho.

"Hiki si cha baba yenu," kasema. "Muhiddin kakiuza na kile, kama jambia."

Nikamwapia ni kile kile. "Unamfichia mdogo wako. Kiondoeni."

Hakukutaja tena. Utakuja kuniuliza habari ya radhi, ndiyo maana nakwambia kweli. Kinanda anakurudishia Msabah.

Dadako, Shemsa

Mjini, 2 Shaabani

Dada Shemsa,

Shikamoo. Mwili mzima, alhamdulillahi. Barua yako ya tarehe kumi na nne imenifika jana. Msabah aliisahau ndani ya shogi, mfuko wa mgongoni mwa punda.

Nimelipiga tupa lile jino la gurudumu mpaka likalika kama zamani. Nikazungusha ufunguo. Kikakwama pale pale. Nikakipiga kofi, nikasema, "Haya bibi, usituringie."

Kikaendelea. Hakuna aliyenijibu.

Mdogo wako, Muhiddin