Kiraka Nchani mwa Kidole

Jumatatu, 3 Juni 1957
Glavu za wiki zimeletwa. Viraka vitupu! Ogola, mhudumu wa wodi, alijifunzia kazi kwa fundi baiskeli, basi kila inayotoboka anaiziba kwa gamu kama tyubu. Na zinatoboka wapi? Nchani mwa vidole, pale pale mkunga anapoonea! Nimemfokea. Akasema, "Sista Nekoye, hiyo haipitishi hata hewa." Tena anajisifu! Mpya zimefungiwa kabatini, za wodi ya Wazungu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeaibika. Mama kutoka Kuresoi, uchungu umemkolea. Nikampima, nikasema kichwa. Yakatoka matako! Daktari akafika jasho likimtoka. Mtoto yuko hai lakini mkono mmoja umelegea. Metroni, Mzungu mkuu wa wauguzi, akanisema mbele ya wagonjwa wote. Nikamwonyesha kiraka. Eti glavu ni glavu. Avae yeye basi!

Jioni Wangeci akalazwa. Mumewe anachimba madini kule Kariandusi. Wamezika watoto wawili, wote walitanguliza matako. Tumbo limejaa maji, kwa nje sipapasi kitu. Anauliza kila nikipita, "Huyu amegeuka, Sista?" Uchungu ukianza tutajua, nikamwambia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda ofisini kwa Metroni, sikungoja kuitwa. Nikasema Wangeci akizalishwa kwa viraka, lawama si yangu. Nilipaza sauti. Sijali! Nimechoka kuitwa mzembe kwa sababu ya mpira wa baiskeli. Akaendelea kunywa chai yake.

Ijumaa, 7 Juni
Leo nilitaka ushahidi. Nikatandaza uzi chini ya shuka, kama ule mshono wa kichwa cha mtoto, nikafumba macho. Glavu yenye kiraka — sikuona kitu. Nikacheka, si nilisema! Glavu nzima — sikuona kitu. Nikavua. Mkono mtupu.

Sikuona kitu.

Nikamwita Jepkorir, mkunga mwenzangu. Kwa glavu yenye kiraka, ile ile, akaweka kidole juu ya uzi. "Si huu hapa?" Nikamwambia aondoke. Kwa nini nimkasirikie yeye? Ngozi ya vidole vyangu inang'aa, ngumu. Miaka yote nafua glavu hizo hizo kwa maji ya moto na dawa kali, kwa sababu mimi ndiye mvumilivu. Uvumilivu gani huu! Wamenila vidole, na mimi nimewashukuru.

Jumamosi, 8 Juni
Jepkorir yuko zamu ya mapumziko, kaenda kwao Molo. Wangeci ameshikwa na uchungu. Metroni akaja na glavu mpya, bado zina harufu ya duka. "Haya, Sista, wewe nashinda."

Nimepima. Kuna kitu cha mviringo. Kigumu? Laini? Sijui! Mungu wangu, sijui.

Nimesema naenda kunawa, niko stoo. Daktari yuko Njoro, hataitwa ila kwa matako, na Metroni amekaa karibu na simu akingoja neno langu. Nikisema siwezi kujua, ataingiza mkono wake mwenyewe, na mimi kesho niko kwa dobi nikifua shuka. Nikikisia — nilikisia Jumanne.

Wangeci analia. Metroni amemwendea, namsikia kupitia ukuta, "Usiogope, mama. Sista Nekoye iko na mkono muzuri sana."