Kivuli cha Kwenda kwa Mama Mkubwa

Jumatatu, 5 Septemba 1938

Nimempeleka Mama kwa dada yake kama kawaida. Miguu imemvimba tena. Tumepumzika chini ya kila mwembe. Penye bomba amekunywa maji, akamsema muuza kahawa kwamba kahawa yake ni nyepesi, kisha akanywa vikombe viwili. Nikienda peke yangu ni mwendo mfupi. Na Mama, asubuhi yote inakwisha. Nimechelewa kazini. Tajiri wangu aliitazama tu cherehani yangu.

Nimechoka. Lakini kwao wamebaki wawili tu, na Mama Mkubwa haoni, hawezi kuja huku. Mama asipokwenda, hawaonani.

Alhamisi, 8 Septemba

Barabara itapanuliwa, malori yapishane. Leo wamepita vibarua na madebe ya chokaa, wakaizungushia alama ya chokaa miembe ya upande wetu kuanzia msikitini mpaka kwenye bomba. Ya upande wa pili hawakuigusa. Mnyapara kaulizwa maana yake, kasema bwana wa barabara atakuja kueleza. Bwana hakuja.

Hatuhitaji kuelezwa. Mwaka ule walipobomoa nyumba za mtaa wa nyuma, kila nyumba ilipigwa chokaa kwanza.

Nimekasirika hata nimeshona mkono wa kanzu ya mtu nje ndani. Mama kauliza kuna nini. Nimemwambia wanapamba mji. Hakuniamini.

Jumamosi, 10 Septemba

Wazo ni la Bi Mwanne, jirani yetu. Kama chokaa ndiyo hukumu, tuioshe.

Baada ya sala ya alfajiri mtaa mzima ukatoka. Ndoo, matambara, majani ya msasa. Wanyamwezi wakaanzisha wimbo wao wa kulima, na sisi wengine tukaitikia ovyo. Mama kaketi kwenye kiti akituelekeza kama yuko jikoni kwenye harusi: "Hapo bado! Sugua, mwanangu, umekula bure?" Muuza kahawa hakumtoza mtu.

Jua lilipopanda, hapakuwa na alama hata moja. Sijafurahi hivi tangu mke wangu aondoke. Pengine tangu kabla hajaja.

Jumatatu, 12 Septemba

Wamekata yote.

Nilisikia misumeno nikiwa kwenye cherehani. Nilitoka mbio na futi ya kupimia shingoni. Upande wa pili ulikuwa umeshalala chini, wanaingia wetu. Nikamshika mnyapara mkono. Kanijibu kwa upole, hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Bwana mdogo, sisi tumeambiwa tukate isiyo na chokaa. Yenye chokaa ni ya kuachwa. Mbona hapa siioni?"

Nikamweleza. Akaagiza wasimame kidogo, akaenda kuuliza. Akarudi na amri ileile. Kazi ikaendelea.

Bi Mwanne aliketi chini palepale barabarani na kanga yake mdomoni. Hakuna aliyemlaumu. Sote tulisugua. Laiti mtu mmoja angetuambia neno moja tu siku ile ya chokaa. Na sisi tungemfuata bwana ofisini badala ya kushika ndoo. Nawachukia wao. Nasi pia leo sitaki kutuona.

Jumatano, 14 Septemba

Mama kasema atakwenda hivyo hivyo. Nimenunua mwavuli. Mwavuli unazuia jua, lakini hauna pa kukaa. Visiki vimeng'olewa, mashimo yamefukiwa. Muuza kahawa amehamia stesheni. Bomba liko peke yake, jua limelipasha hata haligusiki.

Kabla hatujalifikia bomba, Mama akakaa vumbini. Hakuanguka. Alikaa, kama mtu aliyefika. Midomo ilikuwa mikavu, mapigo ya moyo nayaona shingoni. Vijana wawili walileta kiti wakambeba mpaka nyumbani.

Yeye na dada yake walikuja Tabora wakiwa wasichana, kwa miguu, kutoka Ujiji, nyuma ya msafara wa pembe za ndovu. Leo kabebwa kwenye kiti, na alifunika uso njia nzima.

Jumatatu, 19 Septemba

Joto. Hakwenda.

Nilitaka niwaombe wale vijana wambebe tena. Kakataa. Baiskeli pia kakataa, anasema hajawahi kumwona mtu mzima akipakiwa kama gunia. Amevaa baibui tangu asubuhi, ameketi mlangoni anatazama barabara. Ni pana kweli. Lori moja tu limepita kutwa nzima.

Jumapili, 25 Septemba

Mama hazungumzii tena kwenda. Leo kanituma mimi.

Mama Mkubwa alinishika mikono, akapapasa vidole, akajua si Mama. Aliuliza kama mdogo wake ana hasira naye. Nikasema ni miguu tu. Akanipa maneno ya kupeleka: mambo ya baba yao, mbuzi fulani aliyepotea Uvinza, nani alipigwa kwa ajili yake. Alicheka mwenyewe. Nilikunywa uji wake nikaondoka adhuhuri.

Nimemweleza Mama kila neno, na mbuzi pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema si kweli, aliyepigwa ni yeye, si dada yake.

Baadaye akauliza njiani nilipumzika wapi.

Nikamwambia sikupumzika.